Sura ya Saba: Sentimita Tatu kwa Mbili

Mwanamke akipenda akiwa na miaka kumi na tisa, watu humwonea huruma. Akipenda akiwa na arobaini na moja, tena profesa mzima mwenye ofisi na jina lake mlangoni, watu humcheka, na yeye mwenyewe hujicheka kwanza ili wasimtangulie. Ndivyo alivyokuwa Profesa asubuhi ile ya Alhamisi. Alibadilisha hereni mara tatu mbele ya kioo cha choo cha walimu, kisha akakumbuka kwamba nesi anayekwenda kuosha vidonda havai hereni, akazitupa zote ndani ya mkoba.

Hilo la kuosha vidonda wenzake chuoni hawakulielewa kabisa. "Umesoma miaka yote hiyo ili urudi kukamua usaha?" mwalimu mmoja alipata kumuuliza, mdomo umejaa chai. Profesa alimjibu kwamba akikaa miaka miwili bila kumgusa mgonjwa, darasani atakuwa anafundisha hadithi za zamani. Kwa hiyo kila Alhamisi alifunga ofisi, akavaa sare, akapitia kliniki ya mtaani kuchukua begi la vifaa, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwahudumia wasioweza kutembea. Huko mtaani hakuna aliyemjua kama profesa. Alikuwa Nesi, basi.

Nyumba ya tatu katika mzunguko wake ndiyo iliyomfanya ahangaike na hereni. Mbele yake palikuwa na karakana ya viatu, na mwenye karakana ndiye Fundi. Kliniki ilikuwa ikimpelekea Fundi vipimo vya miguu iliyoharibiwa na kisukari, naye akiishonea viatu visivyobana. Walianza kwa kubishana kuhusu unene wa soli, yeye na Profesa, miezi minane iliyopita, na ubishi ule ukazaa mambo. Leo, baada ya kidonda cha mama yake Fundi kufungwa, walikuwa wamekubaliana kumwambia mama kwamba wanataka kuoana.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati lililopigwa pasi, jambo ambalo karakana ile haikuwahi kulishuhudia.

"Umependeza," Profesa alisema kwa sauti ya chini.

"Usinicheke."

"Sikucheki. Umepiga pasi mpaka kola, nani angekucheka?"

Fundi hakutabasamu. Alimtazama kwa macho yale yaliyomfanya Profesa asahau nusu ya mambo aliyosomea, lakini leo macho yenyewe yalikuwa na wasiwasi. "Kabla hatujaingia, kuna kitu nataka nikwambie. Ningekwambia zamani, nikawa nashindwa."

"Kizuri au kibaya?"

"Mpenzi, sikiliza. Mdogo wangu, yule kitindamimba wetu…"

"Nesi!" Sauti ya mama yake ilipenya kutoka ndani. "Huo mguu mnaoujadili huko nje ni wangu, au mmepata mwingine?"

Profesa aliziba mdomo kuzuia kicheko. "Utaniambia baadaye," alinong'ona, akampita. Bega lake liligusa mkono wa Fundi, na mguso ule mdogo ulimfuata mpaka sebuleni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mguu wa kushoto juu ya stuli. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini kasoro, mwenye ulimi usiolala. Kidonda chake kilikuwa chini ya kidole gumba, nacho alikipata kwa viatu vya dukani alivyovinunua kwa siri kwenda navyo kwenye sherehe. Mama wa fundi viatu kuchubuliwa na kiatu cha kununua! Mtaa mzima ulikuwa umeshacheka, na Fundi mwenyewe hakuwa amesahau.

"Habari za wiki, Mama?"

"Nzuri, mwanangu. Wiki hii mguu haujauma hata kidogo. Mikono yako ina baraka."

Profesa alinawa, akatandika kitambaa safi, akapanga vitu vyake: maji ya chumvi, pamba, bandeji, vijiti, na rula ya karatasi ndani ya pakiti yake. Akafungua kadi ya mgonjwa. Wiki nne mfululizo kidonda kilikuwa kimepungua, na wiki iliyopita kilikuwa sentimita tatu na nusu kwa mbili na nusu. Akaandika tarehe ya leo.

Hapo akainua macho. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, anamtazama. Hakuwa akitazama sare wala begi. Alikuwa akimtazama yeye, kama mtu anayeogopa kwamba akipepesa atamkosa. Moyo wa Profesa ulipiga kwa nguvu. Aliinamisha kichwa upesi ili Mama asimwone, na ili mikono ipate shughuli aliendelea kuandika: kidonda sentimita tatu kwa mbili, kinapona. Bandeji ilikuwa bado haijafunguliwa.

Kisha akavaa glavu, akaanza kukata bandeji.

"Nesi, wewe umeolewa?" Mama aliuliza ghafla.

"Bado, Mama."

"Wanaume wa siku hizi wana macho ya mapambo. Mimi mwanangu huyu, unamwona alivyosimama hapo kama amepigiliwa misumari, nataka apate mtu kama wewe. Mwenye mikono. Siyo hawa wasomi wa vitabu."

Profesa alihisi masikio yanawaka. Nyuma yake Fundi alikohoa.

"Wasomi wamekukosea nini, Mama?" aliuliza, akijaribu kucheka.

"Usiniulize! Kitindamimba wangu anasomea unesi kama wewe. Mtoto mzuri, anajituma. Basi yuko profesa mmoja huko chuoni kwao, mwanamke asiye na huruma. Amemfelisha mtihani wa vitendo. Unajua kwa nini? Kwa kuandika namba! Eti ameandika mapigo ya moyo ya mgonjwa themanini na mkono hajaushika. Mgonjwa mwenyewe mzima, anacheka! Mwaka umepotea. Mtoto amekonda, halali. Huyo mwanamke nikimpata…"

"Mama, acha hayo," Fundi alisema.

"Nisiyaache! Wewe ndiye uliyelia naye hapa wiki tatu zilizopita alipoleta matokeo. Ulimuuliza mpaka jina la huyo profesa, akakwambia, ukakaa kimya kama umemeza kijiko."

Mkasi ulisimama mkononi mwa Profesa. Alimkumbuka msichana yule vizuri: mwembamba, mtulivu, aliyeandika themanini kwa mwandiko mzuri. Aligeuka taratibu akamtazama Fundi, naye akaangalia sakafu. Wiki tatu. Wiki tatu alikuwa anajua, na katika wiki hizo tatu walikunywa chai pamoja mara ngapi, wakapanga hata mahali pa kuweka kabati!

Angeweza kunyamaza. Angefunga kidonda, akaaga, akatafuta namna. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa na baba mkali, na uongo ulimwasha mwilini.

"Mama," alisema, "huyo profesa ni mimi."

Mama alicheka kwanza. Kisha akamtazama mwanawe, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Wewe nesi."

"Mimi nesi. Siku nyingine nafundisha chuoni. Sikujua kwamba ni binti yako, Mama, na ningejua, alama ingekuwa ileile."

"Kitinda!" Mama alipaza sauti. "Kitinda, njoo hapa umwone mgeni wako!"

Binti, ambaye Alhamisi nyingine huwa chuoni, aliingia kutoka uani, mikono imelowa maji ya kufulia. Alipomwona aliyepiga magoti mbele ya mguu wa mama yake, akasimama wima kama yuko darasani. "Shikamoo, Profesa," alisema kwa mazoea, kisha akajuta.

"Marahaba."

"Usimwamkie vizuri!" Mama alifoka. "Na wewe," akamgeukia Fundi, "ulijua. Ukamwacha aushike mguu wangu. Kwa nini?"

Fundi aliiachia fremu ya mlango. "Kwa sababu nataka kumuoa, Mama. Leo ndiyo tulikuwa tukwambie."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na hasira usoni mwake ikaanza kugeuka kitu kingine, hesabu ya mama mwenye watoto wawili wa kuwapigania. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulimtisha Profesa kuliko kelele.

"Sawa. Mimi si mtu mbaya. Mchukue. Simkatazi mwanangu mke mwenye mikono. Ila na mimi unipe wangu. Rudi huko chuoni, sema ulikosea kusahihisha, mtoto apite. Binti yangu avuke, wewe uingie. Nani amepoteza hapo?"

Profesa alimtazama Fundi. Alimwomba kwa macho aseme kitu, aseme hapana, acheke, apige meza, lolote. Alikuwa amempenda mwanaume huyu kwa sababu alifumua kiatu kizima kwa ajili ya mshono mmoja mbaya ambao hakuna mwingine angeuona.

"Labda," Fundi alisema polepole, "labda kuna njia. Wewe ndiye mwalimu. Ni alama tu."

Ilimuuma. Ilimuuma pale hasa ambapo dakika kumi zilizopita palikuwa na furaha. Akainuka, na sauti ya darasani ikamtoka yenyewe.

"Si alama tu. Mimi sikumfelisha binti yako, Mama. Aliandika kitu ambacho hakukifanya. Nawaambia wanafunzi wangu siku ya kwanza: asiyepima asiandike. Nesi akiandika asichokipima, mgonjwa anaweza kufa huku karatasi inasema ni mzima. Hilo siwezi…"

"Profesa." Ilikuwa sauti ya Kitinda, ndogo sana. Alikuwa ameinama juu ya kitambaa cha vifaa. "Hii kadi ina vipimo vya leo."

"Ndiyo, nime…"

Macho yake yakaenda kwenye kadi.

"Sentimita tatu kwa mbili. Kinapona," binti alisoma. Akainua pakiti kwa ncha za vidole. "Na rula bado iko kwenye pakiti. Bandeji yenyewe ndiyo kwanza imekatwa nusu."

Wapo watu ambao wakiaibika huwa wekundu, na wapo wanaopata jasho. Profesa alipata baridi. Miaka kumi na minane kazini, mamia ya wanafunzi, na sasa amesimama sebuleni mwa watu na mdomo wazi.

"He!" Mama alipiga paja. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Mwanangu kafeli kwa hilohilo!"

Kitinda hakucheka. Alionekana kama anayetaka kulia, kwa sababu ya kushinda au kwa sababu nyingine, mwenyewe hakujua.

Fundi alisogea mbele, uso wake umepata nuru ya matumaini. "Basi, si mmeona? Kila mtu anakosea. Ngoma droo. Hiyo karatasi tuichane, mtoto apewe alama yake, tusameheane, yaishe. Mpenzi, tafadhali. Sema sawa tu."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Profesa alilihisi mdomoni, na nyuma yake aliona kila kitu: kabati, chai ya jioni, harufu ya ngozi kwenye shati la mwanaume akirudi kutoka karakana, kukaa na mtu. Alikuwa amelala peke yake miaka mingi, na alikuwa amechoka.

Akaketi tena chini, mbele ya mguu.

"Kitinda, nawa mikono. Vaa glavu. Fungua hiyo pakiti."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi nitafungua kidonda, wewe utapima."

Akatoa bandeji yote. Harufu ilifika kwanza, na Profesa akajua kabla ya kuona. Ngozi ya pembeni ilikuwa imevimba na kung'aa. Kitinda alipiga magoti, akaweka rula mara ya kwanza, akaiondoa, akaweka tena.

"Nne na nusu," alisema. "Kwa… kwa tatu na nusu."

"Soma tena."

"Nne na nusu kwa tatu na nusu, Profesa."

Profesa alichukua kijiti kisafi, akakipitisha taratibu chini ya ukingo wa kidonda. Kilizama. Kikaendelea kuzama, mpaka kikagonga kitu kigumu. Binti alikuwa akitazama, na rangi ikamtoka.

"Mfupa," alinong'ona.

"Mbona hauniumi?" Mama aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali tena. "Si nilikwambia wiki hii hauniumi? Kutokuuma si kupona?"

"Hapana, Mama. Kisukari kimeua hisia za mguu. Uchafu umeingia ndani. Unatakiwa hospitali leo, saa hii."

"Wataukata?"

"Sijui. Tukiwahi, huenda wakaokoa. Tungengoja mpaka Alhamisi ijayo, ningekwambia ndiyo."

Profesa alivua glavu, akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno aliyoyaandika mwanzo, akatia saini na saa pembeni yake. Chini akaandika vipimo alivyosoma binti.

"Kwa nini usifute kabisa?" Kitinda aliuliza.

"Ili kosa lisomeke. Leo hii namwambia mkuu wa kliniki, na kesho namwambia mkuu wa idara. Watanifanya watakavyo." Akamtazama binti machoni. "Na matokeo yako yanabaki yalivyo. Mtihani wa marudio utasimamiwa na mwalimu mwingine, nitaomba mimi mwenyewe. Ila ulichofanya sasa hivi ndicho nilichokuwa nakitafuta siku ile. Uliweka rula mara mbili."

Machozi ya Kitinda yalishuka. Hakuyafuta, kwa sababu alikuwa bado amevaa glavu.

Fundi alipiga simu kuita teksi. Profesa alifunga mguu, akaandika barua ya rufaa, akatoka nje kuvuta hewa. Fundi akamfuata mpaka kwenye kizingiti cha karakana.

"Mama hatakukubali sasa," alisema. "Ulikuwa na neno moja tu la kusema."

"Na wewe ulikuwa na wiki tatu."

"Niliogopa kukupoteza."

"Najua. Ndicho kinachoniuma, kwamba nakuelewa." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Unajua kwa nini niliandika kabla ya kupima? Kwa sababu ulikuwa unanitazama. Miaka kumi na minane sijafanya kosa lile. Nakupenda kiasi hicho, na kupenda huko kungemla mama yako mguu."

Fundi alifunika uso kwa viganja. Kupitia vidole alisema, "Nisamehe. Lile la alama sikupaswa kulisema. Lilinitoka."

"Lilitoka kwako."

"Kwa hiyo tumeishia hapa?"

Alitaka kusema hapana. Alitaka kuushika uso ule, kuondoa vile viganja. "Sijui," alisema. "Hilo nalo siwezi kuliandika kabla ya kulipima."

Teksi ikafika. Fundi alimbeba mama yake mpaka garini, akamlaza kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa, kichwa mapajani mwa Kitinda. Ikabaki nafasi moja tu, pembeni ya dereva. Fundi akashika mlango ule ili apande.

"Wewe ngoja," Mama alisema kutoka ndani. "Utakuja na gari jingine. Huko watasema maneno yao, wewe utaitikia tu ndiyo, ndiyo. Nataka mtu atakayeniambia ukweli." Akanyoosha shingo kumtafuta Profesa aliyekuwa amesimama mbali na begi lake. "Panda."

Profesa hakusogea. "Mama, mimi ndiye niliyekosea leo."

"Nimeona. Nilikuwepo. Sijakusamehe, usije ukafikiri nimekusamehe." Midomo yake ilikuwa ikicheza kwa hofu, lakini ulimi haukukubali kushindwa. "Nikirudi na miguu miwili, tutaongea habari zenu. Nikirudi na mmoja, pia tutaongea, ila kwa kelele. Sasa panda, mwanangu, naogopa."

Profesa alipanda. Fundi alimfungia mlango, mkono wake ukabaki kwenye kioo mpaka gari lilipoanza kuondoka. Kabla hawajafika kwenye kona, Mama alipenyeza mkono kati ya viti, akaushika mkono wa Profesa, akaukamata kwa nguvu, na njia nzima hakuuachia.